Tailizi juu ya sakafu ya mbao: kwa nini zinaachia

"Mwanangu, hii sakafu yako yalia."

Hayo ni maneno ya mama mmoja wa Kimombasa aliyenipigia simu Februari, saa mbili asubuhi, theluji imejaa barabarani huku Columbus, Ohio. Jiko lake nililitandika tailizi mimi mwenyewe Agosti iliyotangulia. Nikadhani labda ni friji, labda ni bomba. Nikaenda. Akanipokea na kahawa, akanisogeza hadi katikati ya jiko, akasema, "Haya, tembea." Nikatembea. Pembeni mwa ukuta kimya. Katikati, kila nikikanyaga, tk, tk, kama mtu anayevunja maganda ya karanga mfukoni. Nikapiga goti nikagonga kwa kifundo cha kidole: sauti tupu, ya mtungi usio na maji. Tailizi ya nne kutoka kwenye friji ilikuwa imeshapasuka grauti, ile simenti ya kujaza mianya, pande zote. Nikachomeka ncha ya bisibisi, ikanyanyuka nzima bila ubishi, kama kifuniko cha sufuria.

"Pole mama," nikasema, maana sikuwa na jingine.

"Pole ni yako, mwanangu. Mimi nina sakafu, wewe una kazi."

Kilichoniuma ni kwamba mimi si mgeni wa kazi hii. Nilianza kama saidia fundi Temeke, nikibeba ndoo na kukata vipande vya pembeni, na nilipoondoka Dar es Salaam nilikuwa nimeshatandika nyumba nisizoweza kuzihesabu. Lakini nyumba zetu kule chini yake ni jamvi la zege, kifusi kimeshindiliwa. Likishakomaa haliendi popote. Huku nyumba nyingi zimekaa juu ya mbao: boriti zimekatiza chini, juu yake mbao au plaiwudi, juu ya hapo zulia au vinaili, yaani zulia la plastiki. Mimi nikaja na mwiko wangu wa Temeke nikazifanyia mbao kazi ya zege. Ninachoandika hapa ni kwa fundi mwenzangu aliyetoka nyumbani na anaanza kazi Marekani au Kanada, na kwa mwenye nyumba anayetaka kutandika bafu lake mwenyewe wikiendi.

Kwanza isome tailizi iliyobanduka

Usikimbilie kuirudishia na gundi mpya. Igeuze uangalie mgongo wake, halafu uangalie pale ilipotoka. Jiko la yule mama lilikuwa na makosa manne, na kila moja lilikuwa limeacha alama yake.

Tailizi ya kwanza ilikuwa na mgongo safi. Gundi yote ilibaki sakafuni, na mistari ya meno ya mwiko bado imesimama kama matuta ya viazi. Matuta yakibaki yamesimama, ujue tailizi haikuwahi kuyalaza. Ama gundi ilishaota ngozi juu kabla tailizi haijawekwa, ama mtandikaji hakuibonyeza. Nikapitisha kidole mgongoni mwa ile tailizi, kikatoka cheupe. Huo ni unga wa kiwandani: tailizi nyingi za poseleni hupakwa poda mgongoni ili zisigande kwenye roli za tanuri. Gundi inashika poda, na poda haishiki kitu. Dawa yake ni sponji yenye maji na nusu dakika kwa kila tailizi, nusu dakika ambayo Agosti ile sikuwa nayo kwa sababu saa tisa nilikuwa na kazi nyingine.

Karibu na mlango mambo yalikuwa tofauti. Tailizi ilitoka na gundi yake, na juu ya gundi kumeganda utando wa mbao mwembamba kama karatasi ya kaki. Hapo gundi ilishika vizuri sana. Kilichoachia ni mbao. Plaiwudi niliyoikuta pale ilikuwa ile nyembamba ya robo inchi, huku wanaiita luani, ambayo tabaka lake la juu unaweza kulibandua kwa ukucha. Aliyeiweka aliiweka kwa ajili ya vinaili, na kwa vinaili ilitosha. Mimi ndiye niliyeiona tambarare na safi nikafurahi.

Mbele ya sinki, gundi ilikuwa imeng'ang'ania tailizi, lakini upande wake wa chini ulikuwa unga. Ukiukwaruza unamwagika. Hilo ni kosa la maji. Gundi ya simenti haishiki kwa kukauka, inashika kwa simenti kukutana na maji na kukomaa taratibu. Ukiipaka kwenye mbao kavu, mbao inayanywa maji yake kabla simenti haijayatumia, na tabaka la chini linabaki mchanga na simenti mbichi. Mfuko nilioutumia ulikuwa wa bei ya chini kuliko yote dukani, usio na polima, kile kiungo cha plastiki kinachoongezwa ili gundi ishike zaidi. Juu ya zege ungefanya kazi. Juu ya plaiwudi haukufaa hata siku moja.

Alama ya nne ilikuwa ufa. Tailizi tano zimepasuka kwa mstari mmoja ulionyooka, unavuka grauti na kuendelea upande wa pili kana kwamba umechorwa kwa rula. Ufa wa namna hiyo hautokani na gundi. Chini ya mstari huo kuna kiungo cha vipande viwili vya plaiwudi, au kuna boriti ambayo sakafu inavunjikia juu yake kila mtu anapopita. Nilikuta kiungo.

Halafu kuna lililoniliza zaidi: kwa nini Februari? Kwa nini sakafu ilikaa kimya Septemba, Oktoba, Novemba? Agosti ya Ohio ni joto lenye unyevu, unatoka jasho kama uko Tanga, na mbao zinakuwa zimeshiba unyevu huo. Desemba nyumba inawashwa joto, hewa ya ndani inakuwa kavu hadi midomo inapasuka, na mbao zinasinyaa. Mbao husinyaa kidogo sana kwa urefu, ila kwa upana inasinyaa hasa. Plaiwudi inavumilia kwa sababu matabaka yake yamekatizana, moja linamzuia mwenzake. Mbao za zamani zilizopigwa moja moja, kila moja inajivuta kivyake. Tailizi juu yake haisinyai. Gundi iliyo katikati ndiyo inayovutwa huku na huku, na kama haikushika vizuri tangu mwanzo, majira ya baridi ya kwanza yanaifichua.

Shuka chini kabla hujatandika juu

Siku hizi mteja akiniita sianzi na sakafu. Naomba ufunguo wa chumba cha chini, nashuka na tochi na futi. Huku nyumba nyingi zina chumba chini ya ardhi, na kama dari lake halijazibwa unaziona boriti zote uchi.

Napima vitu vitatu: kimo na unene wa boriti, umbali kati ya boriti na boriti kutoka katikati hadi katikati (mara nyingi ni inchi 16), na urefu ambao boriti imeruka kutoka egemeo moja hadi jingine. Hicho cha tatu ndicho chenye maneno. Kiwango kinachofuatwa Marekani kwa tailizi za kauri na poseleni ni L/360: chukua huo urefu, gawanya kwa 360, unapata kiasi cha juu ambacho boriti inaruhusiwa kunepa chini ya mzigo. Kwa mawe asilia ni L/720. Nasema mawe, yaani marumaru ya kweli iliyochimbwa, si hii tailizi ambayo kwetu tumeipa jina la marumaru.

Boriti iliyoruka futi 12 ni inchi 144. Gawanya kwa 360, ni inchi 0.4, karibu milimita 10. Kwa jiwe ni nusu yake. Na plaiwudi iliyo kati ya boriti mbili nayo inanepa. Inchi 16 ukizigawanya kwa 360 unapata kama milimita 1 tu. Fundi wengi wanakagua boriti wanasahau hiyo milimita moja, na ndiyo inayopasua grauti.

Kwa yule mama nilikuta boriti za inchi 2 kwa 8, zimeruka futi 14 bila nguzo katikati. Hizo ni ndefu mno kwa ukubwa huo. Sakafu haikuwa inaanguka, nyumba imesimama tangu miaka ya 1950 na itaendelea kusimama. Kwa zulia hutajua kitu. Tailizi ndiyo inayojua.

Kama dari la chini limezibwa na huwezi kuona, jaza bilauri maji hadi ukingoni, iweke sakafuni katikati ya chumba, mwambie mtu mzima apite karibu nayo kwa hatua zake za kawaida. Maji yakitetemeka kidogo, hiyo ni mbao. Yakimwagika, usitandike. Hicho si kipimo cha mhandisi, ila kimeshaniokoa mara mbili.

Boriti zikiwa dhaifu kuna njia kadhaa. Unaweza kuziunga ubavuni: mbao mpya ya kimo kilekile inalazwa kando ya ile ya zamani kwa gundi na boliti, na ikiwezekana ifike kwenye maegemeo yote mawili. Unaweza kuweka mhimili na nguzo katikati, na hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote: ukigawa urefu nusu kwa nusu, kunepa kwa mzigo uleule uliotandazwa kunapungua mara 16. Lakini nguzo inataka msingi wake chini, inataka mhandisi na kibali cha jiji, usiisimamishe juu ya sakafu nyembamba ya zege ukasema Mungu ni mkubwa. Wengi hukimbilia kupigilia vipande vya mbao vya kukatiza kati ya boriti na boriti. Vinasaidia boriti kugawana mzigo wa mtu mmoja anayepita, na vinazuia boriti kupinda ubavu, lakini havigeuzi boriti dhaifu kuwa imara. Kwa mama tuliunga ubavuni boriti sita, mimi na seremala mmoja wa Bukavu mwenye subira kuliko mimi. Mbao alizilipia mama, nguvu zilikuwa zetu, maana kabla ya kumtandikia ningepaswa kushuka chini na sikushuka.

Kwa kuwa neno boriti limetajwa: kuna ndugu aliniuliza kama haya yanahusu ghorofa za Mji Mkongwe, Unguja. Zile ni habari nyingine. Kule boriti ni miti ya mikoko, na juu yake ni mawe ya matumbawe na chokaa, uzito mkubwa juu ya miti mifupi. Chokaa inahitaji kupumua, na ukiifunika kwa simenti na tailizi unafungia unyevu ndani hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Muulize fundi wa chokaa, usiniulize mimi.

Kubomoa, na onyo moja

Kabla ya kukwangua vinaili kuukuu, simama. Katika nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980, vinaili vya zamani, gundi yake nyeusi, na hasa vile vigae vidogo vya inchi 9 kwa 9, vinaweza kuwa na asbesto. Ukivikwangua vikavu au ukavipiga msasa, vumbi lake linaingia kwenye mapafu na halitoki. Peleka kipande maabara kikapimwe. Ikikutwa, waachie wenye leseni. Mimi Agosti ile nilikwangua vinaili vya jiko zima kwa koleo huku nikiimba. Nikikumbuka nanyamaza.

Ukishafika kwenye mbao, angalia rangi. Kuzunguka choo na chini ya sinki, mbao nyeusi inayobonyea ukiichoma na bisibisi imeoza. Kata uitoe, na kabla hujaweka mpya tafuta maji yametoka wapi. Mara nyingi ni pete ya nta chini ya choo. Kutandika juu ya mbao iliyooza ni kumfukia mgonjwa akiwa hai.

Kisha pita na skrubu. Panda juu ya sakafu uitembee yote, na kila inapolia, piga skrubu za sakafu kuingia kwenye boriti. Usitumie zile skrubu nyeusi za jipsamu, zinakatika vichwa. Sakafu inayolia ni mbao inayosugua msumari, na mbao inayosugua inacheza.

Vitu visivyotandikwa tailizi moja kwa moja, hata ukibembelezwa: luani, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, mbao moja moja za zamani, vinaili vyenye sponji chini. Ule ubao wa vipande vya mbao, OSB, ni imara kama sakafu, lakini nao usipake gundi ya tailizi moja kwa moja. Uwekee kitu juu.

Nyumba ya mama ilikuwa na mbao za inchi 6 zilizolazwa mshazari juu ya boriti. Nikang'oa luani yote, nikaweka plaiwudi mpya ya nusu inchi, ile iliyogandishwa kwa gundi isiyoogopa maji. Viungo vyake visikae juu ya viungo vya chini. Acha mwanya wa milimita 3 kati ya kipande na kipande, na milimita 6 pembeni mwa kuta, kwa sababu plaiwudi itatanuka na inataka pa kwenda. Skrubu kila inchi 6 kwenye kingo na inchi 8 katikati, na urefu wake uishie kwenye mbao ya chini bila kuingia kwenye boriti. Hapo ndipo mwenzangu wa Bukavu alinibishia, akataka skrubu ndefu zaidi. Nikamwambia boriti ina mwendo wake, plaiwudi ya juu usiifunge kwenye mwendo huo. Akakubali nusu nusu.

Halafu usawa. Chukua rula ndefu ya futi 10 uilaze kila upande. Kwa tailizi ambazo hata upande wake mmoja unafika inchi 15, sakafu isipishane zaidi ya milimita 3 ndani ya hizo futi 10. Kwa tailizi ndogo unaruhusiwa milimita 6. Vilima piga msasa, mabonde jaza kwa simenti ya kusawazisha inayokubali mbao, pamoja na praima yake. Usitegemee gundi ya tailizi kujaza mabonde: ikiwa nene inashuka inapokomaa, na tailizi inashuka nayo.

Weka kitu katikati

Hapa ndipo kazi ya mbao inapotengana na ya zege. Kati ya mbao na tailizi lazima kuwe na tabaka, ili mbao zikicheza chini, tailizi isipate habari zote. Kuna mawili ninayoyatumia.

La kwanza ni ubao wa simenti, wa robo inchi. Watu wanaupigilia mkavu juu ya plaiwudi wakaondoka. Kosa. Chini yake inapakwa gundi kwa mwiko wa meno ya robo inchi, si kwa ajili ya kuushikisha bali kujaza kila uwazi, ili usibonyee ukikanyagwa. Kisha skrubu zake maalumu kila inchi 8. Acha milimita 3 kati ya ubao na ubao, uzibe kwa gundi na utepe wa nyuzi za kioo unaovumilia simenti. Pembe nne zisikutane mahali pamoja. Ubao huu hauongezi nguvu ya sakafu hata kidogo. Anayekuambia umekaza sakafu kwa ubao wa simenti hajawahi kuuinua kwa mikono miwili ukapinda kama mkate wa kusukuma.

La pili, ninalolipenda, ni mkeka wa plastiki wenye vishimo vidogo na kitambaa chini. Maarufu ni wa Schluter wa Ujerumani, unaoitwa Ditra, uliotoka 1987, lakini wako na wengine. Ule wa kawaida una unene wa milimita 3. Kitambaa kinashikwa na gundi chini, gundi ya juu inajaa kwenye vishimo na kujifunga, na plastiki ya katikati inaachia mbao isogee bila kuivuta tailizi. Unaukata kwa kisu, haukuvunji mgongo, na kizingiti cha mlango hakipandi sana. Kwa jiko la mama nilitumia huu.

Ukitandaza mkeka, bonyeza kwa ubao bapa au roli hadi gundi iingie kwenye kitambaa, halafu inua kona moja. Kitambaa kiwe kimelowa gundi chote. Kikiwa na madoa makavu, gundi yako ni nzito au imechelewa. Usione aibu kubandua na kurudia. Ni dakika tano.

Gundi

Kwenye mfuko wa gundi, usisome picha, soma namba. Kwa kushika kwenye plaiwudi tafuta A118.11, namba ya kiwango cha Marekani. Aliyeko Uingereza au Ulaya atafute C2 pamoja na S1. S1 ina maana inaweza kunepa kidogo bila kuvunjika. Hizi ni gundi zilizotiwa polima. Ila juu ya mkeka wa plastiki baadhi ya watengenezaji wanataka ile isiyo na polima, kwa sababu polima yenyewe inahitaji hewa ili kukauka, na ikiwa imebanwa kati ya plastiki na poseleni hewa haipo. Kwa hiyo unaweza kujikuta na mifuko miwili tofauti kwenye kazi moja, mmoja chini ya mkeka, mwingine juu. Andika kwenye ndoo. Mimi nimeshachanganya. Na gundi ya ndoo iliyochanganywa tayari, ile nyeupe kama mtindi, iache ukutani. Sakafuni chini ya tailizi kubwa inakaa mbichi wiki kadhaa.

Kuchanganya ni hivi. Maji kwanza kwenye ndoo, kwa kipimo kilichoandikwa, kisha unga. Drili izunguke polepole, chini ya mizunguko 300 kwa dakika, la sivyo unaipiga hewa kama keki. Ikishalainika iache dakika 10. Utaona imekaza kidogo. Irudie kukoroga bila kuongeza tone la maji. Ikikaza baada ya saa moja na nusu, itupe. Temeke tulikuwa tunaongeza maji na kuendelea, na sitasema zaidi.

Kabla ya kupaka, futa mbao kwa sponji iliyokamuliwa vizuri: vumbi linaondoka na mbao inapata unyevu kidogo, haitakuwa na kiu. Iwe na unyevu, isilowe. Kwanza sukuma gundi kwa upande bapa wa mwiko, kwa nguvu, kana kwamba unasiliba ukuta. Kisha chana kwa meno, mistari yote ielekee upande mmoja. Ile mitindo ya kuchora duara kama feni inafungia hewa katikati. Paka eneo unaloweza kulimaliza kwa dakika 10 au 15 tu. Gusa kwa kidole: gundi ikibaki kidoleni, endelea, kidole kikitoka kikavu, kwangua uitupe.

Mgongo wa tailizi ufute kwa sponji, kisha upake gundi nyembamba kwa upande bapa. Weka tailizi, isukume mbele na nyuma kwa kukatiza mistari, siyo kuifuata. Hapo matuta yanalala na hewa inatoka pembeni. Kila baada ya tailizi kumi, bandua moja uiangalie. Ndani ya chumba kikavu gundi iwe imefunika angalau asilimia 80 ya mgongo. Bafuni na nje asilimia 95, na pembe zote nne ziwe zimejaa. Kijana wangu wa kusaidia alinung'unika tulipobandua ya tatu iliyokuwa nzuri kama zilizotangulia. Ya nne ilikuwa na kona tupu. Akaacha kunung'unika.

Pembeni

Tailizi zisiguse ukuta. Acha milimita 6 kuzunguka chumba chote, kwenye nguzo, kwenye kabati za jiko, kwenye bomba. Usijaze grauti hapo. Mwanya wa ukutani unafunikwa na ubao wa pembeni. Penye bafu au kabati weka silikoni ya rangi ya grauti. Jiko la mama nilikuwa nimelikaza grauti hadi ukutani pande zote nne, nikajisifu kwa unadhifu. Mbao zilipotanuka na kusinyaa, tailizi hazikuwa na pa kujinyoosha, zikainuka katikati.

Subiri saa 24 kabla ya grauti, zaidi kama chumba ni baridi. Ukilazimika kupita, laza ubao na upite juu yake kwa magoti.

Kazi ya mara ya pili ilichukua siku sita, ya kwanza ilikuwa imechukua mbili. Nilitandika Mei. Februari iliyofuata nikampigia mama kabla hajanipigia. "Mimi nimesahau, wewe bado waota?" akaniuliza, akacheka. Nilimwachia boksi moja la tailizi zilizobaki, liko chini ya ngazi, na juu yake nimeandika kwa kalamu nene aina za gundi zote mbili, mkeka gani, tarehe, na boriti zimekaa umbali gani kutoka ukuta wa dirisha, kwa fundi atakayekuja baada yangu.